Nani Atamwitikia Earlene

Dorsey Switch, Arkansas
Jumapili, 4 Februari 1973

Mwanangu Earlene,

Sisi wazima, baba yako mzima, kuku wote wazima isipokuwa yule mwekundu, na yeye alikuwa mzee. Nimeketi mezani na gauni la kanisani bado liko mwilini, maana sikuweza kungoja hata kubadili nguo.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nikaisoma jikoni pale shuleni mbele ya wapishi wenzangu, nikairudia kwa waliokuwa wanaosha masinia, na leo nimeisoma kanisani wakati wa ushuhuda. Mchungaji Crume aliponiona nasimama na karatasi alidhani nimeponywa ugonjwa. Nikamwambia hapana, Mchungaji, mimi sikuumwa, ila nina binti chuoni Pine Bluff, na mwezi wa tatu atasimama mbele ya maprofesa kwenye mdahalo wa nani hasa aliyeujenga muziki wa roki, na mshindi anapelekwa Atlanta kukutana na vyuo vyetu watu weusi vya Kusini nzima. Watu wakapiga makofi. Dada Pinkie Gaines, ambaye hata jikoni shuleni niko naye, alipiga ya kidole kimoja, nilimwona. Tangu mwanawe anunue gari huko Chicago hajawahi kusikia habari ya mtoto wa mtu mwingine bila kuumwa na tumbo.

Hukuniambia utamsemea nani, lakini mimi si mtoto. Utamsemea nani kama si Dada Rosetta, yule mwimbaji wetu wa injili? Kazaliwa hapo Cotton Plant, upepo ukiwa mzuri ukipiga chafya hapa kule wanakuombea afya. Kalelewa kanisa kama letu, la matari na ngoma na jasho, kapiga gitaa akiwa kitoto, kabla hao vijana wote hawajajua gitaa linashikwa upande gani. Mimi roki siisikilizi, unajua, mimi ni mtu wa wokovu. Lakini kama ni yetu ni yetu, na mtu asije kutuambia vingine.

Sasa sikiliza habari kubwa. Hutasimama peke yako. Baba yako ataendesha basi la kanisa na viti vyote vimeshachukuliwa. Tutakaa benchi la mbele. Na wewe unajua mama yako akikaa benchi la mbele. Hakuna mhubiri aliyepita kaunti hii asiyemjua Lavada Tolliver. Mhubiri mgeni akianza baridi, watu hawamtazami yeye, wananitazama mimi, nianze kumwitikia apate moto. Nimewasha wahubiri ambao kuni zao zilikuwa mbichi kabisa. Sembuse damu yangu.

Nimenunua kofia. Ya zambarau.

Mama yako,
Lavada Tolliver


Pine Bluff
10 Februari 1973

Mama mpenzi,

Nashukuru kwa barua, na pole kwa yule kuku.

Mama, nakuomba, habari ya basi tuifikirie tena. Ukumbi wenyewe ni mdogo na viti ni vya mbao, mgongo wako utakusumbua. Halafu mdahalo si ibada. Watu wanakaa kimya, mwisho wanapiga makofi kidogo, wanakwenda kunywa maji ya matunda. Mtachoka bure. Nitakuandikia kila kitu kilivyokwenda, nawe utawasomea jikoni.

Nina swali, ni la masomo tu. Unakumbuka mara ya kwanza kumsikia Elvis redioni? Ulikuwa wapi, ulifikiri nini? Niandikie yote, hata kama yanakuudhi.

Kofia ya zambarau itakupendeza sana. Ivae Pasaka.

Wako,
Earlene


Pine Bluff
10 Februari 1973

Kwa Baba, kiwandani kwenye pamba

Baba,

Nakutumia hii kazini kwa sababu nyumbani Mama hufungua bahasha zote. Nimo matatani.

Profesa Eubanks aliweka majina manne ya wanamuziki ndani ya kofia yake tukaokota. Chuck Berry alimwangukia msichana mmoja wa Memphis, anaitwa Verna. Little Richard alikwenda kwa kijana wa Helena. Dada Rosetta kaokotwa na Roscoe Pettiford, mtoto wa daktari wa meno kutoka Little Rock, Mmethodisti, sidhani kama amewahi kutoa jasho kanisani tangu azaliwe. Mimi nikaokota Elvis.

Kubadilisha hakuna. Ndiyo kanuni yenyewe: unamsemea uliyemwokota, upende usipende, na waamuzi wanapima ulivyosema, hawapimi unavyoamini. Nataka kwenda Atlanta, Baba. Sijawahi kutaka kitu hivi. Mabingwa wa kusema wa vyuo vyetu vyote watakuwa kule, na Profesa anasema aliyesimama Atlanta akasikika, hata shule za sheria humwita. Lakini Mama amekwisha kulitangazia kanisa zima, na mimi nitasimama mbele ya kofia ya zambarau na kusema aliyeujenga muziki huo ni kijana mweupe wa Memphis. Dada Pinkie atakula habari hiyo mwaka mzima.

Siwezi kumwambia. Nimeandika barua mbili nikazichana. Je, lile basi haliwezi kuharibika?

Mwanao,
Earlene


Dorsey Switch
14 Februari

Earlene,

Basi ni zima. Nimelibadilishia plagi mwenyewe wiki iliyopita. Mimi ni shemasi, siwezi kuliharibu basi la Bwana, wala kusema ni bovu na si bovu.

Mama yako hajaniuliza unamsemea nani. Hawezi kuuliza kitu anachodhani anakijua. Akiuliza nitamjibu. Asipouliza nitaendesha.

Ushauri wangu ni umwambie. Najua hutamwambia. Hiyo umeirithi kwangu.

Yule kijana wa Memphis mimi nampenda, hasa akiimba nyimbo za kanisa. Hili nalo lisifike nyumbani.

Baba,
Hosea Tolliver


Dorsey Switch
Jumapili, 18 Februari 1973

Mwanangu,

Mgongo wangu ni wa mpishi, umebeba masufuria mazito kuliko hicho kiti chenu. Tunakuja.

Umeniuliza habari ya Elvis. Nimecheka peke yangu. Nikasema huyu mtoto ana akili, anataka kumjua adui kabla hajampiga. Haya, andika.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita. Wewe ulikuwa unatambaa. Nilikuwa napiga pasi kwa Bibi Haverty, yule wa nyumba ya matofali, na redio ya jikoni iko wazi. Akaanza kuimba mtu, nami nikasema moyoni, huyu ni kijana wa kanisa letu huyu, alikaa benchi la nyuma, hajaokoka ila alikuwa anasikiliza. Nikaanza kujibu. Nikasema, "Haya, sema." Bibi Haverty akatokea mlangoni, akaniambia Lavada, unajua huyo ni mzungu? Nikamwambia hapana mama, huyo si mzungu. Akaniletea gazeti lenye picha. Kumbe nimeacha pasi juu ya kola ya mumewe, ikaungua kahawia. Tulicheka wote wawili, kila mtu kwa sababu yake.

Sikumchukia. Nilisikitika kidogo, kama unapoonja pai yako mwenyewe nyumbani kwa mtu, na watu wanamsifu mwenye nyumba. Ukitaka kulisema hilo liseme vizuri, lakini usimtukane kijana. Sema tu aliyempikia ni nani.

Dada Pinkie ameuliza kama chuoni wanaruhusu kofia kubwa. Nimemwambia wanaruhusu kwa wazazi wa wasemaji.

Mama yako mwenye fahari,
Lavada


Dorsey Switch
Jumatatu, 12 Machi 1973

Earlene,

Nimeanza barua hii jana nikaiacha. Leo nimerudi kazini, nimechoma mkate wa mahindi wa shule nzima, nikaona bora niandike.

Jumamosi mdahalo ulipokwisha uliondoka kwa mlango wa pembeni. Mama yako alikuwa amesimama na sahani ya kuku wa kukaanga iliyofunikwa kitambaa, nimeibeba mapajani kutoka Dorsey Switch, na wewe ukaondoka kwa mlango wa pembeni. Kuku akaliwa na Roscoe Pettiford. Nikasema anajua kula, angalau.

Nitakuambia ilivyokuwa kule chini tulikokaa, maana wewe ulikuwa juu. Uliposimama, wote tulisogea mbele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ukasema, mabibi na mabwana, leo namsemea Elvis. Pumzi ikanirudia tumboni. Nyuma yangu basi zima likageuka mawe. Nikasikia Dada Pinkie anauliza taratibu kabisa, "Lavada, amesema nani?" Kama hakusikia. Alisikia hata aliyoyasema mwamuzi chooni.

Nikakunja mikono juu ya mkoba, nikaukaza mdomo. Nilimtazama baba yako, naye akatazama taa za dari. Hapo nikajua anajua. Njiani kurudi nilimuuliza, akajibu kila kitu, akasema alikuwa anangoja niulize. Sikuongea naye mpaka leo asubuhi, nilipohitaji kufunguliwa chupa ya siki.

Ulisema vizuri, sikatai. Kiingereza chako kilikuwa kimenyooka kama shuka la hospitali. Lakini hatukukuitikia. Hata neno moja. Hata lile tunalompa mhubiri anayezama, ambaye amepoteza andiko na jasho linamtoka, tunamwambia, "Msaidie, Bwana," na yeye anajua kuwa anazama, na anajua kuwa hatujamwacha. Hata hilo sikukupa. Nilikasirika.

Halafu akasimama yule kijana wako wa Methodisti. Mungu anisamehe, alianza kama mtu anayesoma wosia wa jirani. Karatasi mkononi, macho kwenye karatasi. Lakini akafika mahali akasema, kulikuwa na msichana mdogo Arkansas, amesimama na gitaa mbele ya watu waliovuna pamba wiki nzima. Earlene, mimi sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema, "Sema, mwanangu." Alishtuka kama amemwagiwa maji. Akatazama, akaona kofia. Akaisema tena ile sentensi, safari hii kwa sauti, na Ndugu Tate akasema, "Kweli," na Mama Orange akapiga goti lake, na basi zima likawaka. Akaweka karatasi chini. Kijana akaanza kutembea. Mwisho alikuwa anaimba, na hakujua kuwa anaimba. Profesa wenu alivua miwani.

Wakampa ushindi yeye. Dorsey Switch tumeshinda, na binti yangu ameshindwa, na aliyemshinda nimemwasha mimi. Sijui niuweke wapi uso wangu. Kanisani jana watu walinipongeza, nikasema asante.

Kwa nini hukuniambia?

Mama


Pine Bluff
21 Machi 1973

Mama,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza ilikuwa barua ya matusi, na mimi sikulelewa hivyo.

Sikukuambia kwa sababu uliniandikia kama mtu aliyekwisha kusikia hotuba yangu na kuipenda. Uliinunulia kofia. Ningeanzaje?

Umesema hamkuniitikia. Mama, nilisikia. Nimekuwa nikisema mbele ya watu tangu nina miaka mitano, Jumapili ya Pasaka, na kamba za gauni zinanikwaruza, na sijawahi hata siku moja kusema sentensi ambayo hukuijibu. Sikujua hilo mpaka Jumamosi ile. Nilitoa sentensi ya kwanza, nikangoja. Sikujua nangoja nini. Ya pili, nikangoja. Ukumbi kimya kama benki. Nilikuona umekaza mdomo, na kuanzia hapo nilikuwa nasoma tu, nataka kumaliza. Umesema Kiingereza changu kilinyooka kama shuka la hospitali. Ndivyo kilivyokuwa, na chini ya shuka kulikuwa na maiti.

Halafu ukampa Roscoe. Mtu ambaye kwao wakisema amina wanaomba radhi. Sasa anatembea chuoni kama nabii. Ameniuliza kama sisi huwa tunafanya hivyo kila Jumapili, na kama mtu anaweza kuja.

Profesa Eubanks amepata nauli ya mtu wa pili kwenda Atlanta. Nafasi hiyo tutaigombea mimi na Verna, Ijumaa tarehe 27 Aprili, saa sita mchana, kila mtu na jina lile lile aliloliokota. Sijui kama nitasimama. Nimemwambia Profesa nitamjibu baada ya likizo. Pasaka nadhani nitabaki huku nisome.

Msalimie Baba. Usimwonee. Alinishauri nikuambie.

Earlene


Dorsey Switch
Jumapili, 1 Aprili 1973

Earlene Tolliver,

Hubaki huko Pasaka. Ham ya Pasaka, paja zima la nguruwe, imeshaagizwa.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Sikuisoma jikoni, sikuisoma kanisani. Niliisomea kwenye ngazi za nyuma, nikamaliza, nikaisoma tena, halafu nikaenda nikaikatakata kabichi isiyo na hatia. Sikujua, mwanangu. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye ninayekusikiliza wewe. Sikujua kama na wewe unanisikiliza.

Basi nimefanya hivi. Jumatano nilikwenda kwa Mchungaji Crume. Nikamwambia, Jumamosi ya kabla ya Pasaka nataka chumba cha kulia cha kanisa, na nataka watu walewale wa lile basi, na binti yangu atawasomea hotuba yake. Akauliza, ile ya Elvis? Nikasema ile ile. Akasema, Dada Lavada, huyo kijana hawezi kusemewa katika nyumba ya Bwana. Nikamwambia chumba cha kulia hakina madhabahu, kina jokofu. Akafikiri. Akasema kama ni upande wa jokofu, sawa.

Wengine walikataa. Ndugu Tate alisema hawezi kuitikia uongo. Nikamwambia hakuna aliyemwomba aseme "Kweli". Wewe Ndugu Tate una maneno mengine mdomoni. Ukisikia mtoto anazama sema anazama, akiibuka sema ameibuka, kazi yako iishie hapo. Mama Orange akasema atakuja kwa sababu ya ham. Nikasema sababu zote zinakubaliwa.

Mimi mwenyewe sijabadilika, nisidanganye. Ni Dada Rosetta, na nitakufa nikisema hivyo. Lakini hujaniomba nikubaliane na wewe. Uliniomba nijibu, na kujibu ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote, hata kuliko biskuti, na unazijua biskuti zangu.

Panda basi la Alhamisi. Baba yako atakungoja.

Mama yako


Dorsey Switch
Jumanne, 24 Aprili 1973

Mwanangu,

Umeondoka jana tu, nyumba imekuwa kubwa. Baba yako amekula mabaki ya pai yote ya viazi vitamu na anasema ni huzuni.

Nakuandikia haraka ikufikie kabla ya Ijumaa. Mambo ya Jumamosi bado yanazungumzwa. Ndugu Tate analalamika koo. Nimemwambia ni haki yake, alisema "Msaidie, Bwana" mpaka nikadhani tuko kwenye meli inayozama. Lakini uliona mwenyewe, kila aliposema, pale ndipo palipokuwa pabovu. Zile hesabu za santuri zilizouzwa ziache, nakuomba. Ulipozitaja hata Mama Orange aliyekuwa anatafuna alisema, "Msaidie." Hakuna aliyewahi kuinuka kitini kwa sababu ya hesabu.

Uliponikwaruza moyo ni pale ulipoacha karatasi. Ulipouliza, mnanitazama hivyo kwa nini, mimi sisemi yeye ndiye aliyeita, nasema yeye ni mtu wa nje aliyekaa dirishani akasikia mnavyoita, akaitikia kwa sauti kubwa mpaka dunia nzima ikageuka kutazama imetoka wapi. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Sema, mtoto." Nikageuka. Dada Pinkie. Ana mkono juu. Tulitazamana, akaushusha mkono akajifanya anatengeneza pini ya nywele. Mimi sitamkumbusha. Nitamkumbusha Krismasi.

Hilo la dirishani ndilo lako. Lishike. Anza nalo.

Sasa habari mbaya. Ijumaa siwezi kuja. Mkaguzi wa chakula wa wilaya anakuja siku hiyo hiyo, na mkuu wa jikoni amelazwa, wameniachia mimi funguo. Watoto mia mbili na ushee wanataka kula saa sita, saa ile ile unayosimama. Basi halitakuja, baba yako yuko kazini. Nimelia kidogo kwenye vitunguu ili mtu asijue.

Utasimama mbele ya watu wa kukaa kimya. Sina ujanja wa kukupa. Ila huu mmoja: usikimbie. Ukimaliza sentensi nzuri, iache ikae. Mpe mtu nafasi ya kuingia. Hata asipoingia, nafasi yenyewe ina kazi yake.

Kula asubuhi.

Mama yako anayekuamini kuliko anavyoamini hoja yako,
Lavada


Pine Bluff
Jumamosi, 28 Aprili 1973

Mama,

Nakwenda Atlanta.

Nimeandika hilo kwanza ili uweze kwenda kupiga kelele, halafu urudi usome yaliyobaki.

Verna alitangulia, na alikuwa mzuri, Mama, nisimpunguzie. Alimsema Chuck Berry mpaka nikatamani kumpa kura yangu. Halafu nikaitwa. Waamuzi watatu, wanafunzi wachache, watu wa ofisini waliokuja na sandwichi zao. Benchi la mbele tupu. Nililitazama nikasema potelea mbali.

Nilianza na dirisha. Nikaliacha likae, kama ulivyosema. Kimya. Nikatoa sentensi ya pili, nikaiacha nayo. Kimya, mtu mmoja akakohoa. Niliona mwamuzi mmoja anatazama saa, amedhani nimesahau. Lakini sikukimbia. Nilikuwa najua kila mahali ambapo ungeingia, na neno ambalo ungesema, basi nikawa nangoja mpaka neno hilo lipite ndipo niendelee. Nilikuwa kama mtu anayecheza na mwenzake ambaye hayupo, lakini hatua zake anazijua.

Katikati, nilipokuwa nasema vizuri kabisa, vizuri kuliko siku zote, mtu akasimama nyuma ya ukumbi na kupaza sauti, "Msaidie, Bwana."

Roscoe Pettiford. Ametabasamu kutoka sikio hadi sikio. Amelisikia kwenu siku moja tu, labda siku ile ya Machi mlipokuwa mnapanda basi mkimtania Baba anavyobadili gia, na mtoto wa daktari wa meno akadhani ndiyo sifa ya juu kabisa. Mama, nilicheka. Mbele ya waamuzi, nilishika meza nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia, "Ndugu Pettiford, kwetu hilo ni la mtu anayezama. Mimi naogelea." Ukumbi mzima ukapasuka. Halafu mama mmoja mtu mzima, wa ofisi ya karani, aliyekuwa amekaa na sandwichi yake kama mgeni, akaiweka chini na kusema, "Basi ogelea, binti." Alikuwa mmoja wetu. Muda wote ule alikuwa mmoja wetu na amejizuia. Kuanzia hapo sikusema peke yangu tena.

Profesa Eubanks aliniuliza baadaye kama naamini kweli kuwa ni Elvis. Nikamwambia la, nyumbani kwetu hilo lilishaamuliwa kabla sijazaliwa. Akasema ndiyo maana nilimsemea kwa upole hivyo.

Roscoe ameomba radhi, na anauliza kama Jumapili moja anaweza kuja. Anasema ni kwa ajili ya utafiti. Nadhani ni kwa ajili ya kuku.

Nilikukosa kila baada ya sentensi.

Wako,
Earlene


Dorsey Switch
Jumanne, 1 Mei 1973

Mwanangu Earlene, msemaji wa Atlanta,

Nilipiga kelele. Mbwa wa jirani bado amejificha.

Nimeisoma barua yako jikoni, nimemsomea mkaguzi wa wilaya aliyerudi kuchukua kalamu aliyoisahau, na Jumapili nitaisoma kanisani, isipokuwa pale unaposema benchi la mbele lilikuwa tupu. Pale nitaruka. Mchungaji ameshasema mchango wa Jumapili ya pili ni wa safari yako. Ndugu Tate anataka ijulikane kuwa yeye ndiye aliyekufundisha. Mwache.

Mwambie Roscoe aje, ila afike na njaa na asiseme neno mpaka nimfundishe lipi linasemwa wapi.

Baba yako amenikiri jambo lake kuhusu yule kijana wa Memphis na nyimbo za kanisa. Nilikuwa najua. Anaziimba akinyoa ndevu.

Sasa nikuambie yangu. Ijumaa, saa sita, mimi nilikuwa dirishani pale tunapogawia chakula, upawa mkononi, kunde kwenye sinia, watoto wamepanga foleni mpaka mlangoni na mkaguzi amesimama pembeni na ubao wake. Nikatazama saa ya ukutani. Nikajua unasimama. Mikono ikaendelea na kunde, na mdomo ukaanza wenyewe. Nikasema, "Haya." Nikangoja kidogo nikasema, "Kweli." Watoto wakaanza kunitazama. Nikasema, "Taratibu, mwanangu, usikimbie." Dada Pinkie, aliyekuwa anagawa mkate kando yangu, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lavada, unaongea na nani?"

Nikamwambia, "Naongea na Earlene. Amesema jambo zuri sasa hivi."

Akatazama mbele. Akampa mtoto kipande cha mkate, halafu kingine. Akasema, "Amina."

Mama yako,
Lavada Tolliver